Leo Unajua?

Kimemi, Butembo,
tarehe 11 Machi 2003

Mpendwa binti yangu Léa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe, mume wako Abdias na watoto. Natumaini mvua za Lubumbashi hazijawaletea watoto homa, na kwamba kazi ya Abdias kwenye reli inaendelea. Sisi huku tunaishi kwa neema. Miguu yangu bado inanifikisha kanisani na kunirudisha, meno yaliyobaki yanatosha kwa viazi, na mke wangu Séphora angali ananitangulia tukipanda kilima, kisha ananingojea juu huku akijifanya anatazama mashamba.

Barua yako ilinifikia mwezi uliopita. Ilikuwa imepitia Lusaka na Kampala, na bahasha yake ilikuwa imechoka kuliko mtu aliyeileta. Haikuwa na tarehe. Nilikufundisha mwenyewe darasani kwamba barua isiyo na tarehe humwacha msomaji hajui afurahie afya ya mwandishi au aiulize upya. Siku hizi nchi yetu imekatwa vipande, na barua ya kutoka Katanga inazunguka nchi za watu kabla ya kufika Kivu. Tafadhali, andika tarehe.

Uliniuliza mambo mawili: afya ya mama yako, na habari za ndugu yako Josaphat. Nitaanza na la kwanza. La pili ninalijua kidogo mno, na hicho kidogo kimeingia ndani ya ugonjwa wenyewe, kama utakavyoona.

Mama yako alikuja kwetu mwezi wa kwanza, wakati watu wa upande wa Mambasa walipokuwa wakimiminika Beni na vichwani mwao wamebeba magodoro. Alipanda lori, akakaa juu ya magunia pamoja na wanawake wengine. Unamjua dada yangu Jokébed: hakulalamika. Lakini kila walipofika kwenye kizuizi, askari wakapiga ubavu wa lori wakitaka watu washuke, moyo wake ulianza kwenda mbio na kuruka. Aliposhuka hapa Kimemi alikuwa amekishika kifua kwa mikono miwili, kama mtu aliyemshika kuku anayetaka kuponyoka. Séphora alimvua viatu. Mimi nilimtuma mtu amwite Malachie.

Malachie ni muuguzi wa zahanati ya kanisa letu. Ni kijana mwangalifu, hasemi neno asilolijua. Alimpima shinikizo la damu, ambalo wote hapa huliita tansio, akalikuta juu sana. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akakaa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaniambia nje kwamba si tansio tu. Mapigo ya moyo yalikuwa hayana mpango: mawili ya haraka, moja la kuchelewa, matatu yaliyokanyagana, kisha kimya kidogo.

Nakueleza kama alivyonieleza, kwa sababu ni mama yako na una haki ya kuelewa. Alinikumbusha wale wapasuaji mbao wa msituni, wanaotumia msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini yake. Wa juu akivuta, wa chini analegeza. Wa chini akivuta, wa juu analegeza. Ndivyo tansio na moyo vinavyofanya kazi ndani ya mtu aliyetulia. Tansio ikipanda, moyo unapewa habari na kupunguza mwendo. Tansio ikishuka, moyo unaongeza mwendo. Kila kimoja kinamsubiri mwenzake.

Mtu anapoingiwa na hofu, wote wawili wanavuta kwa pamoja. Mishipa inakaza, moyo unakimbia, na hakuna anayelegeza. Mara moja au mbili, mwili unavumilia. Lakini mama yako amevuta hivyo kwa miaka mingi, tangu vita vya kwanza, vile vya 1996, na sasa moyo, yule wa chini, umeanza kuvuta bila kufuata yeyote. Hapo ndipo mapigo yanapokanyagana. Nilimwuliza Malachie kama msumeno ukikwama namna hiyo unaweza kukwamuliwa. Alisema wapasuaji hupumzika kwanza. Sote wawili tulikuwa tunasikia pikipiki za askari zikipanda barabarani.

Vidonge vipo. Lakini vidonge vinavyoutuliza moyo wake vinashusha pia tansio. Siku ambayo mji ni shwari, anavimeza kisha anashindwa kusimama, kila kitu mbele yake kinakuwa cheusi. Siku ambayo milio ya bunduki inasikika kutoka upande wa uwanja wa ndege, ni kama amemeza punje za mahindi. Dawa haijui leo ni siku gani. Malachie amepunguza, ameongeza, amepunguza tena. Tulimpeleka kwa daktari pia. Alisikiliza kifua kwa uangalifu, akasema iko mashine inayochora mwendo wa moyo kwenye karatasi, na kwamba angejua zaidi kama angekuwa nayo. Yake ilichukuliwa na askari katika vita vya kwanza. Alitusindikiza mpaka mlangoni kwa heshima. Hiyo ndiyo tiba tuliyopata kwake.

Basi Malachie alinipa kazi. Kila asubuhi, kabla ya chai, namshika mama yako kifundo cha mkono kwa vidole viwili, saa yangu ikiwa juu ya meza, nami nahesabu. Malachie akipita namwambia nilichokuta. Nimekuwa mwalimu miaka mingi na sijawahi kushika kazi niliyoielewa kidogo kiasi hiki. Nahesabu, basi. Kuhesabu hakubadilishi kitu.

Sasa nije kwa Josaphat. Unajua alikuwa dereva wa lori la mbao kati ya Beni na Mambasa. Mwezi wa kumi alikwenda na lori, pamoja na msaidizi wake Nzanzu, na vita vikawakuta huko. Tangu siku hiyo hakuna aliyeliona lori, wala yeye, wala Nzanzu.

Lakini kwetu, natumaini hujasahau, anayekuja kumtazama mgonjwa habebi ndizi tu. Hubeba na habari, tena njema, ili mgonjwa apate la kufikiria. Basi kila aliyekuja alikuja na Josaphat wake. Mmoja alisikia kwamba yuko Komanda. Mwingine ana shemeji aliyemwona Oicha, akinywa chai, ana kofia nyekundu. Mama Kasika, yule jirani yetu mwimbaji, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu abatizwe, alikuja na habari kubwa kuliko zote: ndugu yako yuko Bunia na amenenepa.

Mama yako alimgeukia. Akasema, "Josaphat kunenepa? Mama Kasika, ule munamuona ni wa mutu mwingine. Murudishe kwa mamake." Nyumba nzima ilicheka, na Mama Kasika akacheka kuliko wote huku akiapa kwamba ni yeye. Mama yako pia alicheka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, na nikaona shingoni mwake mshipa ukipiga mbio. Kila habari njema ilimfanyia hivyohivyo. Jioni alishindwa kula, na asubuhi yake sikuweza kuhesabu mapigo kwa jinsi yalivyovurugika.

Nilimwambia Malachie. Alifikiri, akasema moyo hauna mlango mmoja wa hofu na mwingine wa furaha. Tumaini linalopanda na kushuka kila siku linauvuta sawasawa na bunduki. Akaagiza kwamba wageni waje, maana kumzuilia mgonjwa wageni ni kumwua, lakini wasilete habari yoyote ya barabara, njema wala mbaya. Agizo hilo lilinipendeza kwa sababu lilikuwa wazi. Nilikaa mlangoni na kumwambia kila mtu kabla hajavua viatu: ingia, kaa, usiseme neno la Josaphat, na kama huna neno lingine, nyamaza.

Jumapili moja, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja kwa pamoja. Niliwaambia. Ni watu watiifu. Viti havikuwatosha, wakakaa chini juu ya mikeka, miguu wameinyoosha. Hawakuwa na neno lingine, kwa kuwa siku hizi hakuna neno lingine, kwa hiyo walinyamaza. Mama Kasika alikuwa ameweka mikono juu ya magoti na kutazama sakafu. Wewe uliyezaliwa huku umekwisha kuona, Léa, jambo ambalo mimi sikuliona. Wanawake hukaa hivyo katika nyumba moja tu.

Mama yako aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Munaniletea kilio?"

Hakuna aliyemjibu, maana nilikuwa nimewakataza. Alisimama. Alisema jina la ndugu yako, akaanguka, na kichwa chake kilipita karibu sana na pembe ya meza. Malachie alipofika tansio ilikuwa imeshuka hadi karibu isisikike, na moyo ulikuwa unatetemeka tu badala ya kupiga. Tulimlaza, tukamwinulia miguu. Akina mama walilia nje, kwenye migomba, wakiwa wameziba vinywa kwa vitenge. Malachie hakunilaumu wala sikumlaumu. Tulikaa tukimtazama akipumua.

Alipopata nguvu ya kusema, alitaka watu wote watoke isipokuwa mimi. Akaniuliza, kwa jina analomwitia kaka yake mkubwa tangu utotoni, "Yaya, mutoto wangu amekufa?"

Nilimjibu, "Sijui."

Akaniuliza kama naficha. Nikamwambia kwamba sijawahi kumficha kitu tangu tukiwa watoto, na kwamba kama ningejua ningesema. Alinitazama, kisha akafumba macho na kulala. Asubuhi yake, nilipomshika mkono, aliniuliza, "Yaya, leo unajua?" Nikamjibu, "Sijui." Mapigo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko siku zote tangu aje.

Tangu hapo tunaishi hivyo. Kila asubuhi nakaa, naweka saa, nashika mkono. Ananiuliza kama leo najua. Najibu kwamba sijui. Nahesabu. Kisha tunakunywa chai. Malachie anasema tansio imeshuka kidogo na moyo unaifuata, ingawa hawezi kueleza kwa nini. Mimi pia siwezi. Sina dawa nyingine ila neno hilo moja, na neno hilo linafaa kwa sababu ni kweli.

Mengine ni madogo. Maharagwe ya Alimbongo yameanza kufika sokoni tena, baada ya barabara kufungwa. Paa la shule lilikwenda na upepo; watoto wanasomea kanisani, na wanapiga kelele mahali ambapo baba zao walinong'ona. Redio inasema wakubwa wanakaribia kupatana. Imesema hivyo mara nyingi.

Mfanyabiashara atakayeipeleka barua hii Kampala anaondoka wiki ijayo. Nitaiacha wazi mpaka siku hiyo, nipate kukuongezea hali ya mama yako.

Tarehe 18 Machi

Léa, mwite Abdias akae karibu nawe kabla hujaendelea kusoma.

Juzi, Jumapili, nilipotoka kanisani nilimwona mtu amesimama pembeni, karibu na tangi la maji, anangoja watu waishe. Sikumtambua kwa sura, kwa jinsi alivyokonda. Nililitambua koti. Ni lile la kahawia ambalo mama yako alimshonea Josaphat kiwiko kwa kitambaa cha buluu. Aliyelivaa alikuwa Nzanzu.

Hakunizungusha. Alisema, "Mwalimu, miye mwenyewe nilimuzika." Lori lilisimamishwa upande wa huku wa Mambasa. Ndugu yako alipigwa risasi akiwa ndani, mikono ikiwa kwenye usukani. Nzanzu alikimbilia msituni, na askari walipoondoka na mbao alirudi, akachimba kando ya barabara kwa kutumia sahani ya gurudumu. Aliweka jiwe. Alivaa koti kwa sababu lilikuwa ndilo pekee la kurudisha kwa mama. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Siku zile ndugu yako alipokuwa akionekana Oicha na kunenepa Bunia, alikuwa amekwisha kulala pale.

Nilimwomba Nzanzu asiingie Kimemi na koti lile. Alilivua, akanipa, akaondoka na shati katika mvua. Nimelihifadhi kwa mchungaji. Nyumbani nilimwambia Séphora peke yake, naye alikwenda kwenye shamba la viazi na kukaa huko mpaka alipoweza kurudi na uso wake wa kila siku.

Malachie nilimwuliza: nikimwambia mama yako, itakuwaje? Akasema hawezi kuniahidi kwamba ataamka. Nikamwuliza: nikiendelea kusema sijui? Akasema, "Mwalimu, hiyo mimi siko na mashini ya kuipima." Aliinamisha kichwa. Hakuwa anafanya mzaha.

Jana asubuhi nilikwenda kwake kama kawaida. Alikuwa amekaa jikoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Niliweka saa juu ya kinu, kwa kuwa hakukuwa na meza. Nilikuwa nimelitayarisha neno usiku kucha, neno dogo ambalo nimelisema mara nyingi. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Yaya, leo unajua?"

Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Aliacha maharagwe. Alinyoosha mkono, na kabla sijamshika mimi, alinishika yeye, palepale ninapomshika kila asubuhi, kwa vidole viwili, kama alivyoniona nikifanya. Sikuweza kumnyang'anya mkono. Moyo wangu, Léa, moyo wa mzee asiye na ugonjwa wowote, ulikuwa unakimbia na kujikwaa chini ya vidole vyake kama wake ulivyofanya Jumapili ile alipoanguka. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha alikirudisha kifundo changu juu ya goti langu, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Basi, yaya," akasema. "Usiseme."

Akaurudia ungo wake. Baada ya kitambo aliniambia chai inapoa.

Leo asubuhi hakuniuliza. Nilimshika mkono na kuhesabu. Mapigo yanakwenda, yanasita, yanakwenda. Sijui ni moyo wake unaosita au ni vidole vyangu. Malachie akiniuliza idadi nitamwambia sina. Mama yako hajaniambia kwamba anajua, wala mimi sijamwambia, na katikati yetu lipo jambo ambalo kila mmoja analishikilia ili lisimwangukie mwenzake. Sijui litashikika mpaka lini. Siwezi kumtibu, siwezi kumwambia, siwezi kunyamaza vizuri.

Usije. Najua utataka, lakini njia hakuna, na ukitokea mlangoni bila kutazamiwa atajua umeletwa na nini. Ninakuomba mambo mawili tu. La kwanza, sisi hapa hatuwezi kumlilia ndugu yako. Hatuwezi kutandika mikeka wala kuwakalisha watu chini. Mlilieni huko, kwa ukamilifu, pamoja na watu wetu walioko Lubumbashi. Lieni kwa sauti, na kwa ajili yetu pia.

La pili, mwishoni mwa kila barua yako huwa unaandika, "Mnisalimie Josaphat akirudi." Endelea kuandika hivyo, mahali pale pale na kwa maneno yale yale. Mama yako hunitaka nimsomee barua zako tangu mwanzo mpaka mwisho, na anajua unavyomaliza. Nikifika hapo nitasoma kwa sauti.

Séphora anakukumbatia, anasema uwashike watoto wako vizuri. Mama Kasika hajui kitu na anakusalimu kwa wimbo. Malachie, ambaye hamjaonana, anakutumia salamu kama kwa dada. Mama yako anasema upige pasi nguo za watoto kabla hawajazivaa, kwa sababu ya wadudu wa mvua, na kwamba yeye hajambo.

Bwana aliyemwona ndugu yako siku ile ambayo hakuna mwingine wa kwetu aliyemwona, awaone na ninyi, akulinde wewe na nyumba yako.

Mimi, mjomba wako nikupendaye kama binti yangu mwenyewe,

Ésaïe Lusenge